Taa za kurusha: namna ya kuzitengeneza, kuzitundika na kuzirudisha zote

Taa ya kurusha ni vitu vitatu vilivyofungwa pamoja kwa tepu: balbu ndogo ya LED, betri bapa na sumaku. Ukiirusha kwenye chuma inanasa hapo hapo na kuendelea kuwaka. Graffiti Research Lab, kundi lililoanzishwa na Evan Roth na James Powderly wakiwa katika kituo cha sanaa na teknolojia cha Eyebeam jijini New York, liliitoa hadharani mwaka 2006 pamoja na maelekezo yake yote, bure kwa anayetaka. Maelekezo yale yalisambaa kwenye intaneti, na watu wa miji mingine wakaanza kutengeneza za kwao. Kwa hiyo taa hii ni ya mtandaoni kama ilivyo ya mtaani: aliyeianzisha hakuuza kitu, aligawa ufundi.

Kasoro yake nayo ni ya tangu mwanzo. Taa ikirushwa juu na kusahaulika, hufifia baada ya siku chache hadi kuzimika, na kinachobaki ukutani ni betri ya lithiamu isiyo na mwenyewe. Namna tunayoieleza hapa inaanza na swali la kuirudisha: kila taa ina kizimio, mkia wa kuivutia na namba yake.

Vifaa

Kwa taa 75 (zitakazotumika ni 68, hesabu yake iko mbele) andaa LED 80, betri 80 na sumaku 80. Chache huharibika mezani, hasa miguu ya LED inayokatika kwa kukunjwa mara mbili mahali pamoja.

LED iwe ya milimita 10, yenye kioo cha ukungu. Kioo kikiwa angavu, mwanga unatoka mbele tu kama kurunzi, na anayepita pembeni haoni kitu. Kama umepata angavu peke yake, zisugue kwa msasa laini wa namba 400, juu na ubavuni, mpaka ziwe nyeupe kama barafu. Ni dakika moja kwa kila balbu, na tofauti yake usiku ni kubwa.

Betri ni CR2032, ile ya duara inayokaa kwenye ubao mkuu wa kompyuta: volti 3, kipenyo cha milimita 20, unene wa milimita 3.2. Usichukue LIR2032 ukidhani ni ile ile. Hiyo ni ya kuchaji, ikijaa hufika volti 4.2, na itaiunguza LED isipowekewa rezista, kifaa kidogo cha kupunguza mkondo wa umeme: omu 150 kwa nyekundu na njano, omu 68 kwa bluu na nyeupe.

Sumaku ni ya neodimiamu, ya duara, kipenyo cha milimita 12 hadi 13 na unene wa milimita 3. Sumaku nyeusi za mapambo ya friji hazina nguvu ya kutosha. Taa itateleza taratibu mpaka chini.

Ongeza tepu pana yenye nyuzi ndani yake, ile ya kufungia makasha mazito, au tepu ya umeme kama hiyo haipo. Utahitaji pia plastiki nyembamba ngumu (jalada la faili linafaa), kalamu ya wino usiofutika, mkasi, koleo ndogo na mita ya kupimia volti. Trei ya chuma usiisahau, sababu yake itaonekana wakati wa kubeba.

Kwa nini haina rezista

Fundi yeyote wa elektroniki akiona LED imebanwa moja kwa moja kwenye betri atashtuka, na ana haki. Kinachoiokoa hapa ni udhaifu wa betri yenyewe. CR2032 ina ukinzani wa ndani, omu kumi na kitu ikiwa mpya, na unapanda kadiri inavyochoka. Huo ndio unaofanya kazi ya rezista. LED ile ile ukiiweka kwenye betri mbili za AA itapata mkondo mkubwa mno, maana AA haina breki hiyo.

Udhaifu huo huo unaamua rangi ipi idumu vipi. LED nyekundu na njano huhitaji takriban volti 2, hivyo zinavuta mkondo mwingi kwenye betri mpya na kuwaka kwa nguvu. Bluu na nyeupe huhitaji volti 3 hivi, karibu sawa na betri yote, kwa hiyo zinavuta kidogo lakini zinafifia mapema betri ikianza kushuka. Ndiyo maana betri iliyoshindwa kuwasha bluu bado itawasha nyekundu kwa siku nyingine. Pima kila betri kabla ya kuanza: zenye volti 3.1 na zaidi wape bluu na nyeupe, zilizo chini ya 2.9 wape nyekundu.

Utasikia kwamba taa moja hukaa wiki mbili. Hukaa kweli, ila kama kaa la moto linalozimika. Betri ina takriban miliampia-saa 220. Ukivuta miliampia 10 bila kukoma, hesabu inakupa saa 22 tu. Inasogea mbele ya hapo kwa sababu mkondo unapungua kadiri volti zinavyoshuka, na mwanga unapungua nao. Mwanga wa kuvutia mtu umsimamishe njiani ni wa usiku wa kwanza na wa pili. Panga kazi ya usiku mmoja, uzime, urudie siku nyingine.

Alama kwenye sumaku

Hatua hii haipo kwenye maelekezo mengi, nasi tunaiona muhimu kuliko zote. Sumaku zikifika huwa zimejipanga kama mnara. Usizitenganishe bado. Weka nukta ya kalamu juu ya ile ya kwanza, iteleze pembeni uitoe, weka nukta juu ya inayofuata, hivyo hivyo mpaka ya mwisho. Sasa kila sumaku ina nukta upande wa ncha ile ile.

Wakati wa kufunga, nukta itazame nje kwenye taa zote. Sumaku zilizokaa ubavu kwa ubavu kwenye bati, ncha zile zile zikiwa nje, husukumana kidogo, kwa hiyo kila taa inabaki mahali pake. Ukizichanganya, zile zinazopingana zitavutana na kurukiana, na herufi uliyoipanga kwa saa nzima inakuwa fungu la nuru lisilosomeka.

Zitoe kwa kuteleza tu, usivute. Sumaku mbili zikigongana hewani humeguka, na vipande vyake ni vikali kama kioo. Usizilehemu wala kuziweka karibu na moto: neodimiamu ya kawaida huanza kupoteza nguvu ikivuka nyuzi 80 za Selsiasi. Mwenye kifaa cha kuendesha moyo asishiriki kazi hii ya mezani.

Kufunga taa moja

Mguu mrefu wa LED ni chanya, mfupi ni hasi. Kama miguu imeshakatwa ikalingana, tazama ukingo wa balbu: upande uliopunguzwa ukawa bapa ni wa hasi. Kwenye betri, uso mpana wenye alama ya kujumlisha ni chanya, na bati lake linakunjika kufunika ubavu wote hadi karibu na uso wa pili. Kumbuka jambo hilo la ubavu, maana matatizo mengi yanatoka hapo.

Kata kipande cha plastiki, upana milimita 8 na urefu milimita 40. Hiki ndicho kizimio.

Chomeka betri katikati ya miguu miwili, mguu mrefu ukigusa chanya. LED itawaka. Isipowaka igeuze, kwa volti 3 kosa la kugeuza haliiui. Ikiwaka, sogeza betri mpaka ikaribie shingo ya balbu, kisha kunja mguu hasi kwa koleo uwe na kipindo kidogo kuelekea nje pale unapovuka ubavu. Mguu hasi ukigusa ubavu wa betri ni shoti: LED inazimika, betri inapata joto na kuisha kimya kimya ndani ya tepu huku wewe ukidhani LED ni mbovu. Kata ncha za miguu zinazopita katikati ya betri.

Ingiza plastiki kati ya mguu hasi na uso wa betri. Taa inazimika. Acha milimita 15 za plastiki zitokeze nje, kisha zungusha tepu mara moja kwa nguvu kuzunguka betri na miguu. Vuta plastiki, hakikisha inawaka. Irudishe, hakikisha inazimika. Ikikataa kurudi, tepu imebana kupita kiasi mahali pa kuingilia: chana tundu dogo hapo kwa ncha ya mkasi.

Sumaku inakaa upande wa chanya, na hapo hapana mjadala. Ukiiweka upande wa hasi, kuteleza kidogo tu kunatosha kuifikisha kwenye ukingo wa bati la chanya, na kwa kuwa imepakwa nikeli inapitisha umeme vizuri sana. Shoti ya namna hiyo hutokea taa ikiwa tayari ukutani, ambako huwezi kuirekebisha. Weka sumaku juu ya tepu upande wa chanya, nukta nje, zungusha tepu mara moja tu juu yake. Kila tabaka la tepu linaiweka sumaku mbali na chuma na kupunguza mshiko, lakini tabaka moja unalihitaji ili isikwaruze rangi ya mwenye ukuta.

Mwisho wa tepu usiubane. Ukunje wenyewe kwa wenyewe utokeze sentimita 2, kinyume na upande wa sumaku: huo ndio mkia. Andika namba juu yake, kuanzia 1.

Ukizoea, taa moja ni dakika mbili. Wakiwa watu watatu, mmoja akate plastiki na kukunja miguu, mmoja afunge, wa tatu apime na kuandika namba. Na jambo moja la kulikataa: kuweka LED mbili za rangi tofauti kwenye betri moja. Nyekundu itawaka peke yake na bluu itakaa giza, kwa sababu nyekundu inaishusha volti chini ya kiwango ambacho bluu inakihitaji.

Kama kuna dalili za mvua, vuta puto dogo lifunike taa nzima ukiwa umekwisha kuiwasha. Mshiko utapungua kidogo, ila puto jeupe linatawanya mwanga vizuri ajabu, kiasi kwamba wengine hulitumia hata kiangazi.

Watoto

Betri ya milimita 20 ikimezwa na mtoto inaweza kukwama kooni na kuchoma tishu kwa umeme wake ndani ya saa 2. Sumaku mbili zikimezwa hubanana zikiwa na ukuta wa utumbo katikati. Taa inayong'aa inamwita mtoto kuliko pipi, kwa hiyo usiweke hata moja chini ya mita 2 kutoka ardhini, isipokuwa mtu mzima amesimama hapo muda wote. Betri zisizotumika zibaki kwenye pakiti yake. Ikitokea mtoto kameza, anapelekwa hospitali saa ile ile, bila kutapishwa, hata kama haonyeshi dalili.

Mahali na ruhusa

Nenda mchana na sumaku moja mkononi. Macho hayatoshi kutambua chuma: alumini haishiki, shaba haishiki, na chuma cha pua cha aina nyingi hakishiki ingawa kinaonekana kama ndicho chenyewe. Rangi nene nayo hupunguza mshiko. Weka taa moja ya majaribio, isubiri dakika kumi. Ikiteleza, tafuta ukuta mwingine au tumia sumaku mbili kwa kila taa.

Omba ruhusa ya mwenye ukuta. Ukimwonyesha taa moja mkononi na kumtajia tarehe na saa ya kuziondoa, mara nyingi anayesita hugeuka na kutaka kushiriki. Kuna mahali ambapo hata ruhusa haikusaidii: nguzo na masanduku ya umeme, reli, taa na alama za barabarani, magari ya watu, na sehemu yoyote ambako nukta nyekundu inaweza kumchanganya dereva, nahodha au rubani.

Kila mkusanyiko wa taa uwe na kibandiko kinachosomeka: "Hii ni sanaa. Kila taa ina LED, betri moja ndogo na sumaku. Itaondolewa tarehe fulani", pamoja na namba ya simu. Tarehe 31 Januari 2007 jijini Boston, mbao ndogo za LED zilizotundikwa kutangaza katuni ya televisheni zilidhaniwa kuwa mabomu, kwa sababu zilikuwa na nyaya na betri na hazikuwa na maelezo. Barabara na madaraja yalifungwa, watu wawili waliozitundika wakakamatwa, na kampuni zilizohusika zikaishia kulipa dola milioni 2. Tangazo lile wala halikukusudia kumtisha mtu. Kibandiko hakiharibu utamu wa jambo. Anayekisoma humwita mwenzake aje kuona.

Kuandika HAPA

Kurusha ovyo kunafurahisha kwa dakika kumi. Kazi inayobaki kichwani ni ile yenye neno au umbo, na neno tunalolipenda ni HAPA. Kwenye simu, mahali ulipo ni nukta inayong'aa kwenye ramani. Mwaka 2006 huo huo Aram Bartholl, msanii wa Ujerumani, aliitoa alama nyekundu ya ramani za mtandaoni kwenye skrini na kuisimamisha katikati ya mji kama sanamu kubwa. Neno HAPA kwa nukta za nuru linakwenda njia hiyo hiyo, kwa gharama ya betri tu.

Tumia gridi ya nukta 5 kwa 7, ile ya skrini za zamani. H inakula taa 17, kila A taa 18, P taa 15, jumla 68. Saba zinazobaki ni za akiba. Nafasi ya sentimita 15 kati ya nukta na nukta inatoa herufi yenye upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 90. Ukiacha sentimita 30 kati ya herufi, neno zima ni mita 3.3. Aliye mita 20 au 30 atalisoma bila shida. Ukizibana nukta hadi sentimita 5, zitayeyukiana machoni na A itaonekana kama wingu.

Usipime ukutani gizani. Chukua kamba mbili zenye fundo kila sentimita 15, zifunge kwa sumaku juu na chini ya eneo, na nyingine ya kusimama unayoisogeza safu kwa safu. Anza na safu ya kushoto. Toa kizimio cha kila taa unapoiweka, na vizimio vyote viingie kwenye mfuko mmoja: kila kimoja kinasimamia taa moja iliyoko ukutani.

Njiani taa zikae kwenye trei ya chuma, zimeachana sentimita 3. Ndani ya mfuko zinashikana kuwa donge, plastiki zinachomoka, na unafika na betri zilizokwisha kuchoka.

Kama kweli unataka kurusha, simama mita 2 hadi 4 kutoka ukutani, shika taa kwa vidole vitatu, sumaku ikitazama ukuta, irushe kwa mkono wa chini ikienda bapa bila kupinduka. Ikigonga kwa LED inadunda. Anayerusha kwa nguvu anapata matokeo mabaya kuliko anayerusha kwa upole. Chini yake pasiwe na mtu.

Macho gizani

Kwa taa chache kuna mzaha mzuri zaidi. Weka LED mbili za njano ubavu kwa ubavu, umbali wa sentimita 6, ndani ya giza la wavu wa chuma au nyuma ya nguzo za jengo. Ubongo hauoni taa, unaona macho. Sentimita 3 ni panya, 6 ni paka, 10 ni kitu ambacho mtu hatamani kukijua. Jozi zisilingane kimo, na mojawapo iinamishe kidogo kana kwamba mnyama amepindisha kichwa. Jozi tano zilizotawanyika zinatosha, kumi zinakuwa pambo na uchawi unaisha. Usiziweke kwenye ngazi wala ukingoni mwa barabara, mahali ambapo hatua moja ya mshtuko inamwangusha mtu.

Picha

Wakati mzuri ni dakika 20 hadi 40 baada ya jua kuzama, anga likiwa bado na buluu yake. Usiku ukikolea, picha inakuwa nukta kwenye weusi na hakuna anayejua ni wapi. Weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/8, anza na sekunde 4 kisha upande au kushuka. LED ya bluu huunguza picha mapema kuliko macho yanavyokuambia, hivyo punguza sekunde mpaka uone kiini chake chenye rangi. Kwa simu, iegemeze mahali imara, washa hali ya usiku, na piga kwa kipima saa ili kidole kisiitikise. Piga pia ukuta ukiwa mtupu, kabla na baada.

Chapisha ukishaziondoa. Ukichapisha zikiwa bado juu, watu watazifuata kuzichukua na hesabu yako itavurugika. Futa taarifa za mahali zilizomo ndani ya faili ya picha kama mwenye jengo hakutaka kutajwa. Na weka vipimo pamoja na picha (gridi, nafasi, rangi, idadi), kwa sababu sanaa hii ilianza kwa kugawiwa maelekezo na anayekuja nyuma yako anayahitaji zaidi ya pongezi.

Kuziondoa

Sumaku inakataa kuvutwa moja kwa moja lakini inakubali kutelezeshwa. Zilizo karibu zishike kwa mkia uzitelezeshe hadi ukingoni. Kwa zilizo juu, funga ubao mwembamba wenye ncha ya kabari kwenye fimbo ya mita 2 au 3, uuingize chini ya taa kutoka pembeni, na mwenzako atandaze shuka chini. Msumari uliopindwa kama ndoana ncha ya fimbo nao hushika mkia vizuri.

Rudisha kizimio kwenye kila taa inayoshuka. Mfuko wa vizimio ukibaki na kimoja, kuna taa moja bado iko nje. Tazama namba zilizoko kwenye trei ujue ni ipi, kisha utafute chini kabla ya kutafuta juu, maana zilizoanguka ndizo hatari kwa watoto na mbwa.

Nyumbani pima betri tena. Zilizo na volti 2.7 na zaidi zihamishie kwenye nyekundu. Zilizokwisha, funika nyuso zote mbili kwa tepu kabla ya kuzitia kwenye chombo kimoja, kwa sababu hata betri iliyochoka inaweza kupiga shoti ikigusana na nyenzake, kisha zipeleke panapokusanywa taka za elektroniki. LED na sumaku hazichakai kwa matumizi haya. Sumaku iliyobanduka ganda la nikeli iweke kando, itashika kutu na kuacha doa kwenye ukuta wa mtu.